Kusomea NP (nesi prakitishona) Marekani: maswali ninayoulizwa na manesi wenzangu

Kila nikienda harusini au matangani hapa Minnesota, hakosekani nesi wa kunivuta pembeni. Sahani ya pilau mkononi, anaanza: "Dada, ile shule ya NP, hebu niambie ukweli." Nimeyajibu maswali haya mara nyingi hadi pilau yangu inapoa, nikaona heri niyaandike.

Kwa wasionijua: nimezaliwa Mombasa, nimesomea unesi Kenya ngazi ya KRCHN (diploma ya unesi wa afya ya jamii), nikafanya kazi wodini miaka mitatu kabla ya kuja huku. Nilianzia chini kabisa, msaidizi wa nesi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Baadaye nikapata leseni ya RN, yaani nesi aliyesajiliwa, nikamaliza digrii, kisha nikaingia shule ya NP upande wa familia. Sasa niko kliniki mwaka wa nne. Haya ni ya njia niliyopita mimi. Kabla hujalipa hata senti moja, soma masharti ya bodi ya unesi ya jimbo lako.

NP ni nani hasa? Ni daktari?

Si daktari, na mgonjwa akikuita daktari msahihishe hapo hapo. Nesi prakitishona, au NP kama tunavyomwita sote, ni nesi aliyeongeza masomo hadi uzamili au zaidi, akapita mtihani wa bodi, akapewa leseni ya kupima mgonjwa, kuagiza vipimo, kubaini ugonjwa na kuandika dawa. Kazi hii ilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, pale nesi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanza kuwafunza manesi kuhudumia watoto wa maeneo yaliyokosa madaktari. Leo wenye leseni hiyo Marekani wamepita 400,000.

Kwa mtu wa nyumbani, mfano wa karibu ni klinikal ofisa wa Kenya au tabibu wa Tanzania. Tofauti ni mlango wa kuingilia. Klinikal ofisa anaanza na kutibu tangu siku ya kwanza chuoni. NP lazima awe nesi kwanza, na unesi huo hauvuliwi mlangoni. Nimemweleza mama yangu haya yote kwa utaratibu. Likoni majirani bado wanaambiwa binti yake ni daktari Marekani.

Nina diploma ya unesi kutoka nyumbani. Naweza kuingia moja kwa moja?

La. Ngazi ni hizi: vyeti vyako vikaguliwe (shirika la CGFNS, ambalo sasa linajiita TruMerit, ndilo wengi wanapitia), ufanye NCLEX-RN (mtihani wa leseni ya RN), upate leseni ya RN ya jimbo, kisha upate digrii ya unesi. Zipo shule zinazounganisha diploma na uzamili kwa mkupuo mmoja, lakini utayasoma masomo ya digrii humo humo ndani, hakuna kilichorukwa.

Kitakachokuchelewesha si mtihani, ni makaratasi. Matokeo yako ya chuo hayapokelewi kutoka mkononi mwako. Yanatakiwa yatoke chuoni yenyewe, na baraza la manesi la nchi yako lithibitishe usajili wako. Ukiwa huku, barua pepe zako zitasomwa na kunyamaziwa. Tafuta mtu wa kwenda kusimama dirishani. Mimi nilimtuma mdogo wangu wa kiume. Alienda mara nne, mara ya nne akabeba kitabu cha kusoma akakaa kwenye benchi mpaka saa kumi. Siku hiyo bahasha ilitoka.

Nifanye unesi miaka mingapi kabla ya kuanza?

Shule nyingine zitakupokea wiki unayopata leseni. Kuna wanaosema uzoefu wa nesi hausaidii kwa sababu kazi ni tofauti. Sikubaliani nao.

Miaka yangu minne kwenye wodi ya moyo, zamu za usiku, ilinifunza kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote: kumtazama mtu akiwa mlangoni na kujua huyu anaumwa kweli. Rangi ya midomo. Namna anavyokaa, ameegemea mbele, hamalizi sentensi bila kuvuta pumzi. Darasani tulikuwa na kijana hodari kuliko sote kwenye mitihani, hajawahi kushika wodi. Alijua viwango vyote vya damu kwa moyo, lakini mgonjwa akitapika alirudi nyuma hatua mbili. Alifika mwisho, ila alilipa kwa jasho zaidi yetu. Mimi nasema miaka miwili au mitatu, tena mahali penye wagonjwa wa kweli, si ofisini.

Nichague tawi gani?

Hili ndilo kosa la gharama kubwa ninaloliona. Leseni ya NP haikupi ruhusa ya kutibu kila mtu. Inafuata kundi ulilosomea. Wa familia tunatibu watoto hadi wazee, lakini kliniki, si ICU. Anayetaka kusimamia wagonjwa mahututi asome upande wa wagonjwa mahututi wa watu wazima. Kuna wa watoto, wa watoto wachanga waliozaliwa na shida, wa afya ya wanawake, na wa afya ya akili.

Wengi wanachagua familia kwa kuwa ni pana, halafu wanataka kubaki ICU walikozoea. Hospitali inawakatalia, nao wanarudi shule tena kuchukua cheti cha nyongeza, karo mpya, saa mpya za kliniki. Afya ya akili nayo kila mtu anaikimbilia kwa sababu ya mshahara. Kama huwezi kumsikiliza mtu mmoja dakika arobaini bila kuangalia saa, hiyo pesa haitakutosha.

Shule ya mtandaoni ni halali?

Nyingi ni halali na ni nzuri. Angalia mambo mawili tu: programu iwe imeidhinishwa na CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua shule za unesi, na shule iwe inaruhusiwa kupokea wanafunzi wa jimbo lako. Kuna mwenzetu aliyekaa muhula mzima ndipo akagundua shule haina ruhusa ya kumweka kliniki kwenye jimbo alilohamia.

Halafu uliza swali moja kwa sauti kabla ya kusaini: nani anatafuta prisepta, ni nyinyi au ni mimi? Wakianza kuzungukazunguka, jibu umepata.

Prisepta ni nani, na nitampata wapi?

Prisepta ni NP au daktari atakayekubali ukae naye kliniki, uone wagonjwa wake, akusahihishe. Bila yeye humalizi shule, hata uwe na alama za A tupu. Kiwango cha taifa kilichotolewa mwaka 2022 ni saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja. Zamani zilikuwa 500. Fanya hesabu: siku mbili kwa wiki, saa nane kila siku, ni karibu wiki 47. Mwaka mzima wa kumganda mtu ambaye mara nyingi halipwi chochote kwa kukufundisha, na ambaye kliniki yake inataka aone wagonjwa ishirini kwa siku.

Shule yangu ilinipa orodha ya simu. Nusu ya namba zilikuwa za watu waliokwisha staafu. Nilinunua daftari la mistari, nikaandika kila kliniki niliyopiga, tarehe, jina la aliyepokea, na alivyonijibu. Nilipofika ukurasa wa tano nilikuwa nimekataliwa mara thelathini na nane. Wengine kwa upole. Mmoja alinikatia simu nikiwa bado nasema "good morning".

Kilichofanya kazi ni hiki. Kwanza niliacha kupiga simu nikaanza kwenda mwenyewe, saa sita mchana, wakati wa chakula, nikiwa nimevaa vizuri na barua moja ya ukurasa mmoja: mimi ni nani, nahitaji saa ngapi, tarehe gani, shule itagharamia bima gani. Msimamizi wa ofisi ndiye mwenye funguo, si daktari. Salimia huyo, jua jina lake. Pili, nilimuuliza NP aliyekuwa akimtibu mwanangu. Nilikuwa nimekaa mbele yake mara sita bila kufikiria kumwomba. Akasema, "Kwa nini hukuniuliza mapema?" Saa 240 za watoto zikapatikana hapo, kwenye chumba ambacho mwanangu alichomwa chanjo.

Kampuni za kukutafutia prisepta kwa malipo zipo. Sisemi usilipe, kuna muhula utafika, tarehe zimebaki wiki tatu, na utalipa. Lakini anza kutafuta miezi tisa kabla, usije ukafikia huko. Na mkono mtupu haulambwi: ukimaliza, peleka zawadi, andika kadi, na ukishapata leseni yako, nawe pokea wanafunzi. Mimi nina wawili sasa.

Ni kweli kliniki ni ngumu kuliko darasa?

Ni ngumu kwa namna usiyoitarajia. Nitaeleza siku moja. Nimebadilisha mambo madogo ili mgonjwa asijulikane.

Wiki yangu ya tatu kliniki. Mama wa Kikongo, miaka sitini na kitu, amekuja kwa presha. Mkalimani yuko kwenye simu iliyowekwa mezani, sauti inakwaruza. Mama anasema, "Nasikia kizunguzungu nikiinuka." Mkalimani anatafsiri: ana kizunguzungu. Basi. Ile "nikiinuka" imedondoka njiani. Prisepta wangu, mama wa Kimarekani aliyefanya kazi hii miaka ishirini, anaanza kuuliza maswali ya masikio.

Nilisikia vidole vinaniwasha. Nikaomba ruhusa niongee naye moja kwa moja. Kumbe wiki hiyo mama alikuwa kwenye maombi ya kufunga kanisani kwao, siku tatu hali wala hanywi mpaka jioni, na kila asubuhi anameza dawa ya presha pamoja na dawa ya kutoa maji mwilini, kwa sababu aliambiwa asikose hata siku moja. Nikampima amelala: presha ya juu 138. Nikamwinua, nikangoja dakika tatu, nikapima tena: 112. Akashika ukingo wa kitanda.

Tukatoka nje mlangoni. Prisepta akaniuliza, "Sasa unafanya nini?"

Nikasema, "Nitamwambia daktari."

Akatazama kushoto kwenye ukumbi, akatazama kulia. "Daktari yuko wapi?"

Nilikuwa nesi miaka kumi na moja siku hiyo. Nilijua kumwona mgonjwa anayeharibika, nilijua kumpigia mwenye mamlaka saa tisa usiku na kusimama imara hadi aje. Lakini mdomo wangu haukuwahi kusema "tusimamishe hii dawa" kama uamuzi wangu. Kila siku ilikuwa "daktari amesema". Nikasimama pale, stethoskopu shingoni, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Mwisho nikasema: asimamishe dawa ya kutoa maji mpaka amalize kufunga, apimwe figo na chumvi za damu leo, anywe maji jioni, arudi baada ya wiki. Sauti ilikuwa ndogo. Prisepta akasema, "Basi andika."

Hilo ndilo ambalo shule ya NP ilinifunza, kuliko famakolojia na mengine yote. Kubadilika kutoka mtu anayetekeleza kwenda kwa mtu anayeamua, na kulala usiku ukijua umeamua. Hakuna mhadhara wake. Na sisi tuliofunzwa unesi nyumbani tunalihisi zaidi, kwa sababu tulifunzwa kusimama daktari akiingia wodini, kubeba faili nyuma yake, na kutozungumza mpaka tuulizwe. Ukiwa bado RN, anza mazoezi: kabla hujampigia daktari, jiambie kimoyomoyo wewe ungefanya nini na kwa nini. Kisha mpigie. Linganisha.

Somo gani ni gumu zaidi?

Yapo matatu ambayo kila mtu anayaogopa: pathofiziolojia, famakolojia na upimaji wa mwili, yote ya ngazi ya juu. Pathofiziolojia ndiyo iliyonitoa machozi. Mtihani wa kwanza nilipata asilimia 68, na kwenye programu yetu chini ya 80 ni kufeli.

Nilichobadilisha ni lugha. Nilikuwa nakariri kwa Kiingereza sentensi ambazo sizielewi vizuri. Dada yangu yuko Kisauni, anauza vitambaa, hajui chochote cha hospitali. Kila Jumapili nilimpigia nikamweleza ugonjwa mmoja kwa Kiswahili, hadi aseme ameelewa. Kumweleza mtu wa vitambaa kwa nini moyo ukishindwa kusukuma miguu inavimba, na kwa nini figo zinadanganyika zikadhani mwili umekosa maji zikazidi kuyashika, si mchezo. Nikikwama nilijua hapo ndipo sielewi. Akaniuliza siku moja, "Sasa hizo figo hazina akili?" Swali hilo lilinifanya nisome sura nzima upya.

Dawa zisome kwa familia zake, kwa mikia ya majina: zenye mwisho wa pril, zenye sartan, zenye olol. Ukijua tabia ya familia moja umewajua ndugu kumi.

Lafudhi yangu itakuwa tatizo?

Kidogo, mwanzoni. Mgonjwa akisema hakuelewi, sema tena polepole, usipandishe sauti. Kwenye chumba cha mgonjwa lafudhi haikuwahi kuniangusha. Kuandika ndiko kulikoniangusha: noti ya mgonjwa ina mpangilio wake, alichosema, ulichokiona, unachodhani, utakachofanya, na mimi nilikuwa naandika kama ripoti ya kukabidhiana zamu, hadithi ndefu isiyofika popote. Kusanya noti nzuri za wengine, futa majina, uzisome kama gazeti.

Naweza kufanya kazi ya kutwa huku nasoma?

Muhula wa kwanza na wa pili, wengi wanaweza. Saa za kliniki zikianza, sahau.

Nilijaribu. Zamu tatu za usiku, kisha asubuhi naenda kliniki moja kwa moja. Nilijikaza kisabuni miezi miwili. Siku moja Januari, natoka kazini, barabara ina barafu, nilishtushwa na mlio wa mistari ile ya pembeni ya barabara kuu. Gari lilikuwa tayari limeacha njia yake. Nilisimama kituo cha mafuta, mikono inatetemeka, nikampigia mume wangu nikamwambia naacha kazi au naacha shule, achague yeye. Alisema, "Punguza zamu, tutakula ugali na sukuma." Tulikula sukuma kwelikweli. Nikabaki na zamu mbili za wikendi.

Kaeni chini kama familia kabla ya kuanza, pamoja na watoto kama ni wakubwa. Waambieni na wa nyumbani kwamba pesa za kila mwezi zitapungua kwa miaka miwili au mitatu. Simu hiyo ni ngumu kuliko mtihani wowote, na ni bora uipige mapema kuliko waanze kusema umebadilika.

Karo ni kiasi gani, na inatoka wapi?

Inategemea shule, chuo cha umma cha jimbo lako kinaweza kuwa nusu ya cha binafsi, au chini ya hapo. Usivutwe na jina. Mgonjwa hajawahi kuniuliza nimesoma wapi.

Kama una kadi ya kijani au uraia, mikopo ya serikali ipo, lakini sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeifinya: mkopo wa Grad PLUS unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na mikopo ya kawaida ya uzamili imewekewa kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Kwa hiyo piga hesabu ya programu nzima, si ya muhula mmoja. Mwajiri naye anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi. Uliza idara ya wafanyakazi, na usome mkataba unakufunga miaka mingapi. Ukishamaliza, kuna mpango wa Nurse Corps unaolipa asilimia 60 ya deni la shule ya unesi kwa kufanya kazi miaka miwili sehemu yenye uhaba. Unagombaniwa, ila omba.

Wenye viza ya masomo mikopo hiyo hawaipati. Usidanganywe na wakala.

Nisome uzamili au DNP?

Uzamili unatosha kupata leseni. DNP, yaani shahada ya uzamivu ya unesi, ni nzuri kwa anayetaka kufundisha au uongozi. Kliniki mgonjwa ni yule yule, na mara nyingi mshahara pia.

Mtihani wa bodi: AANP au ANCC?

Hayo ni mashirika mawili, kila moja na mtihani wake. Kwa upande wa familia yote miwili inakubalika. Wa AANP una maswali 150 kwa saa tatu, karibu yote ya kutibu. Wa ANCC una maswali 175 kwa saa tatu na nusu, na unachanganya utafiti, sera na maadili. Mimi nilifanya wa AANP kwa sababu nachoka nikiulizwa kuhusu sera. Panga tarehe ndani ya miezi miwili ya kumaliza shule. Rafiki yangu alisubiri mwaka ili "apumzike kwanza", akafanya mara mbili.

Nikifaulu naanza kazi kesho yake?

Laiti. Kuna leseni ya jimbo, namba ya NPI (ya kukutambulisha kama mtoa huduma), usajili wa DEA, shirika la serikali linalosimamia dawa zinazodhibitiwa (dola 888 kwa miaka mitatu, mwombe mwajiri alipe), halafu kampuni za bima zikukague moja moja. Kwangu ilichukua miezi mitatu na nusu kutoka kusaini mkataba hadi mgonjwa wa kwanza. Usiache kazi yako ya RN siku ya mahafali.

Angalia na sheria ya jimbo. Hapa Minnesota, tangu 2015, NP mpya anafanya kazi saa 2,080 chini ya makubaliano na mwenye uzoefu, kisha anajitegemea. Texas, ambako Wakenya ni wengi, lazima uwe na mkataba na daktari ndipo uandike dawa, hata uwe na miaka ishirini kazini. Majimbo yenye uhuru kamili yamepita nusu sasa, lakini usikisie.

Mshahara?

Kwa takwimu za Idara ya Kazi za 2024, NP wa katikati alipata kama dola 129,000 kwa mwaka, RN kama 93,600. Sasa sikia lisilosemwa: nesi wa hospitali mwenye zamu za usiku, wikendi na ovataimu anaweza kumpita NP mpya kwa pesa. Mwaka wangu wa kwanza nilipata pungufu ya mwaka wangu wa mwisho wodini. Nilikuwa nalala usiku, lakini.

Nikirudi Kenya au Tanzania nitafanya kazi kama NP?

Leseni ya NP ya Marekani haivuki hata mpaka wa jimbo, sembuse bahari. Kule utasajiliwa na baraza la manesi kwa jinsi wao wanavyokutambua, na kazi unayoifanya huku tayari ina wenyewe, maklinikal ofisa na matabibu. Kama mpango wako ni kurudi, waandikie baraza kabla hujachagua tawi.

Ndugu wataanza kunitumia picha za vipele WhatsApp. Nifanyeje?

Wataanza hata kabla hujafanya mtihani. Sheria inaangalia mgonjwa alipo, si wewe ulipo, kwa hiyo shangazi wa Kilifi si mgonjwa wako na huna ruhusa ya kumwandikia chochote. Jibu langu ni lile lile kwa wote: nenda hospitali, na ukitoka nisomee kwenye simu walichokuandikia. Kusoma si kosa. Shangazi alinisomea wiki iliyopita, herufi moja moja, H, Y, D, R, mwanzo wa jina la dawa ya kutoa maji, akakwama, akaniambia mwandiko wa huyo bwana ni wa kuku. Nikamuuliza kama akiinuka anaona kizunguzungu. Akasema, "Kwani umejuaje?" Nikamwambia arudi kesho asubuhi, na hayo maneno ayaseme yote, asiache hata moja.